Kofia Niliyomvika Mkwe

Naona haya kulisema hili, lakini nimechoka kulisikia likisimuliwa bombani na watu ambao hata hawakuwepo, bora nilisimulie mwenyewe.

Binti yangu Zaina aliposwa na watu wa Korogwe, na kwenye ukoo wetu mama wa binti humvika baba wa bwana harusi kofia aliyoidarizi kwa mkono wake. Sasa mimi nasoma darasa la jioni la watu wazima (nasinzia zaidi kuliko ninavyosoma), na mwalimu alitufundisha kwamba uzi wa pamba ukiukaza vizuri, ukauzamisha kwenye maji ya kostiki, ile ile ya kutengenezea sabuni, unatoka imara na unang'aa kama hariri. Nikageuza kigoda miguu juu, nikazungushia uzi kwenye miguu mpaka ukakaza, nikavaa glavu, nikauzamisha, na kweli ukang'aa.

Ikabaki kusuuza. Mwalimu alisema maji mengi, tena na tena, mpaka uzi uache kuteleza. Na maji yetu ya Handeni mnayajua, pale kwetu Chanika bomba lilikuwa wiki ya pili halijatoa tone. Nikasuuza mara moja tu, uzi ukawa bado unateleza, nami nikaona ule utelezi ndio hariri yenyewe. Wiki sita nikadarizi, vidole vinabanduka ngozi, nalaumu sindano. Kofia ilipoisha sikuifua, nilipiga pasi tu, naogopa mng'ao utatoka.

Siku ya ndoa wageni wakafika asubuhi, nikamvika mkwe wangu Mzee Salimu, baba wa bwana harusi, kofia yake, vigelegele, wakakaribishwa mihogo na samaki wa mchuzi wa manjano wakati tunamngoja shehe. Jua kali, mzee jasho likamtoka, akaanza kujikuna, akaingiza vidole vya mchuzi chini ya kofia, akaisogeza huku, akaisogeza kule. Mara dada yake akasema, "Kaka, unatoka damu." Na kweli kofia nyeupe ilikuwa na madoa mekundu, paji la uso limeiva.

"Watu wa Handeni hawa," akasema yule dada, wala hakupunguza sauti. "Si niliwaambia? Wameshamtia dawa. Hatuoi hapa."

Vijana wao wakaanza kutafuta viatu. Zaina yuko ndani, hina haijakauka, ananitazama tu.

Mimi nilijua palepale. Manjano ikikutana na sabuni inakuwa nyekundu, kila aliyefua shati la mume anajua, na kichwani kwa mkwe kitu cha sabuni kingetoka wapi kama si kostiki yangu? Ningeweza kunyamaza, lakini jina la uchawi angelibeba mwanangu. Nikajitanda mtandio, nikasema bismillahi, nikaenda mpaka kwenye jamvi la wanaume.

"Shikamoo mzee. Hiyo si damu, wala si dawa. Ni kostiki ya sabuni, niliitia mimi kwenye uzi ili ung'ae, nikabania maji ya kusuuza."

"Kwa hiyo umemvika kaka yangu sabuni?" akauliza dada yake.

"Ndiyo, dada."

Nikaomba ndimu, nikaikamulia kwenye doa mbele yao (mwalimu alisema tumalizie na siki, hilo nalo nililiruka), wekundu ukarudi umanjano. Halafu mzee akasema, "Basi nimwagieni maji jamani, naungua."

Madumu matatu ya maji ya kupikia pilau yaliishia kichwani kwake, anaoshwa uani kama mtoto, na mimi ndiye nimeshika taulo.

Ndoa ilifungwa baada ya adhuhuri, mzee kapakwa mafuta ya nazi anameremeta kuliko bibi harusi. Akamnong'oneza mume wangu, na wote tukasikia, "Mkeo akikushonea kanzu, kwanza mvalishe mbuzi."

Alhamdulillahi, Zaina yuko kwake na ana amani. Mimi nimeapa, kazi nikiifanya nusu simpi mtu, inabaki kwangu. Nikienda Korogwe kuwaona napeleka maandazi, na yule dada huonja la kwanza yeye, polepole, halafu anakaa kidogo kusikilizia, na mimi nangoja bila kununa.