Kiingereza cha Kuzunguka

Ngo, ngo-ngo-ngo. Hivyo ndivyo mabehewa ya mizigo yalivyogongana kule stesheni yakiunganishwa, na mpaka leo nayasikia vizuri. Kila yalipogonga, mimi nilisimama. Shule nilikuwa nimeiacha mwaka wa pili wa sekondari, lakini kichwani nilisafiri kila siku.

"Ikala kwanza, mama," mjomba aliniambia. "Kiingereza haiingiye kwa muntu mwenye kusimama-simama."

Mjomba alikuwa amefanya kazi migodini Zambia miaka mingi, akarudi kwetu Kindu, Kongo, na Kiingereza chake. Alinifundisha misemo. Kazi rahisi ni kipande cha keki. Unachokipenda ni kikombe chako cha chai. Jambo la nadra hutokea mwezi ukiwa wa buluu. Nilimwelewa upesi, maana mtaani kwetu hakuna anayeomba chumvi kwa kusema chumvi. Unauliza habari za watoto, unasifu harufu ya sombe, yale majani ya muhogo yaliyo jikoni, mpaka mwenye nyumba mwenyewe aseme, "Ao chumvi imeisha kwako?" Nikaona kumbe Waingereza nao ni watu wa adabu.

Basi tukasikia kwamba muuguzi mzungu, asiyejua Kifaransa vizuri, anatafuta msichana wa kumtafsiria kwa akina mama wa vijiji vya Kailo siku za chanjo. Niliitaka kazi ile mpaka chakula kikanishinda. Nikaenda.

Aliniuliza kama nitaweza kutembea vijijini. Kipande cha keki, nikasema. Je, napenda watoto? Kikombe changu cha chai. Je, naugua mara kwa mara? Mwezi ukiwa wa buluu, nikasema, na kichwa nikakiinamisha kwa heshima.

Akaweka kalamu chini. "Mimi natoka Denmark," alisema polepole. "Kiingereza nilikisoma shuleni, kama wewe. Sijakuelewa. Kazi hii unaitaka?"

Ningesema ndiyo, yakaisha. Lakini ndiyo ya ghafla hivyo, mbele ya mkubwa? Nikajibu kwamba itakuwa vile itakavyowapendeza wakubwa. Akanishukuru, akasema basi atatafuta mwingine.

Nyumbani mjomba alicheka mpaka akafuta macho. "Muzungu hajue Kiingereza? Huyo njo amepotea njia."

"Ni miye njo nimepotea, mjomba."

Akanisogezea sahani yake ya samaki, ambayo hakuwa ameigusa.

Kesho yake sikumwambia mtu. Watu wa mtaa walikuwa kwenye salongo, wanafyeka majani ya barabara kama tulivyoamriwa sote. Nikawasalimia tu nikipita, mimi niliyezoea kuuliza habari mpaka za kuku.

Nikapiga hodi kwa muuguzi. Alipofungua, kabla hajanisalimia, nikamwambia kwa Kiingereza: ndiyo, kazi ninaitaka.