Sauti Iliyobaki Kwenye Utepe

Hili sikusimuliwa na mtu. Nilikuwepo, nimekaa kwenye mkeka wa wafiwa, na jua lilikuwa bado halijazama.

Mke wangu tulimzika Maore, mwaka ule tuliohamishiwa kijiji cha ujamaa. Siku ya matanga akaja mgeni kutoka upande wa mashamba ya mkonge, na gitaa na mashine ya kunasa sauti. Jirani yangu akaiona mashine ile, akanong'ona kwa utani kwamba fundi cherehani amekuja kutushonea sanda. Lakini kwetu anayekuja kuhani hafukuzwi, hata kama humjui.

Alikata utepe wa kunasia sauti, akaunganisha ncha zake, akaupitisha kwenye mashine na kuuzungushia chupa tupu ya soda. Ukawa unazunguka bila kwisha. Akanasa makofi yetu, kisha wimbo wa kina mama, kisha kilio cha mama mkwe, kimoja juu ya kingine, naye akipiga gitaa. Niamini, muziki ule ulikuwa mzuri mpaka kifua kikatetemeka. Baadaye tukauzoea, watu wakaanza kuongea habari za mahindi.

Yeye akatabasamu. "Muziki unaozunguka lazima ukatwe panapouma," alisema.

Akakunja kidole, makofi yakatoweka. Akakunja kingine, wimbo ukatoweka. Kilio nacho. Ikabaki sauti ambayo hakuna aliyeiweka mle: ya mke wangu, akimwita binti yetu. "Naelijwa. Naelijwa."

Nani angemzuia? Mtoto wa kike akiitwa na mama yake haulizi, huitika. Naelijwa akasimama.

"Abee, mama."

Mgeni akakunja kidole tena. Sauti ya mama ikazimika, ikabaki ile "abee, mama" ikizunguka peke yake. Watu wakalia vile ambavyo hawakulia makaburini. Nilimwona mwanangu anafungua kinywa, hakitoki kitu. Nikamsihi yule mtu amrudishie sauti yake. Alikuwa tayari anafunga mashine yake.

"Umeona walivyolia, bwana?" akaniuliza.

Naelijwa hakusema neno tena. Ameolewa Kighare, analea watoto wake kwa mikono na macho. Miaka iliyofuata kibarua mmoja wa mkonge alinisifia mpiga gitaa wa huko kwao: hunyamazisha kila kitu, kakabaki katoto kanaitika "abee, mama," halafu hurudisha vyombo vyote kwa pamoja na watu wanaruka. Alisema hapo ndipo panaponoga.

Ukifiwa, mpokee kila mtu. Lakini marehemu wako akimwita mtoto, mzibe mtoto mdomo. Adabu atajifunza siku nyingine.