Jina langu kwenye jarida la madaktari

Jamani, jina langu linaenda kuchapishwa kwenye jarida la madaktari!!

Ngojeni niwape kisa.

Leo kliniki, daktari anayetufanyia utafiti ametusomea makala yake kwa Kiswahili kabla hajaipeleka kuchapishwa. Alitaka sisi wagonjwa tuseme palipokosewa.

Akafika pale alipoandika kwamba wengi wetu tunaficha ugonjwa.

Nikasimama. Mnaujua mdomo wangu.

"Daktari, futa hapo! Nani anaficha? Kwani sisi wezi?"

Makofi! Mama mmoja aliyetoka kijiji cha Mbebe akapiga na kigelegele.

Daktari akatabasamu. "Sawa dada. Basi ukipenda, tukutaje kwa jina, kama mgonjwa aliyetusahihisha."

Nikarudi kukaa. 😂 Ukumbi mzima unanitazama.

Maana hapa sokoni ninapouza vitenge, kila siku ya kliniki huwa nawaaga kwamba naenda Nakonde, upande wa Zambia, kufuata mzigo.

Nikasimama tena. "Andika. Majina yote matatu."

Sasa jarida litachukua muda kutoka, na sitaki mje msikie habari hii kwa watu.

Nina kifafa, ndugu zangu.

Kesho nafungua meza yangu kama kawaida. Nani anakuja?