Kifurushi cha Vinywaji Melini

Fundi magari mstaafu alisimama kwenye kaunta ya baa ya meli, mkewe ubavuni, akasoma bango la kifurushi cha vinywaji kwa sauti, polepole, bila kuruka neno. Akisoma husugua vidole kana kwamba grisi haijatoka, na kila bei huitikia "Ahaa," hata ile isiyomhusu. Mkewe alizitazama chupa za rafuni. Tangu mume wake aache pombe, mwaka wa pili sasa, amejizoeza kutomuuliza kitu mbele ya chupa.

"Ukishalipa, baba, unakunywa utakacho mpaka tutie nanga," muuzaji alisema. "Bia, mvinyo, chochote."

"Na nikishindwa kumaliza?"

"Hakuna kumaliza, baba. Hakiishi."

Fundi aliinamisha kichwa upande, vile alivyokuwa akisikiliza injini ya mteja. Mkewe aliukumbatia mkoba wake kwa mikono miwili.

"Basi hakinifai," fundi alisema. "Mimi najijua. Kitu nikishakilipia, sikiachi mpaka kiishe. Tupe chai mbili."

Mkewe alivuta kiti akaketi. "Ya kwake, mwanangu," alimwambia muuzaji, "tia sukari kama anavyotaka."