Gemu ya Windows na mti wa madam

Kwenye metro ya Dubai ya kwenda Rashidiya, mlinzi Mkenya aliyeketi mbele yangu alikuwa akicheza gemu, laptop mapajani. Mama wa Kizanzibari aliyeketi kando yake akachungulia bila kujificha.

"Gemu ni ya Windows," mlinzi akamweleza, "na laptop yangu ni Linux, mfumo mwingine kabisa. Kuna programu hapo katikati inatafsiri kila kitu."

"Kwani wenyewe hawakutengeneza ya Linux?"

"Walitengeneza, mama, halafu wakaitelekeza. Hii ya kutafsiriwa inaenda poa kuliko ile."

"Basi lugha yenu hawatojifunza maisha!" Mama akatikisa kidole. "Miye mwaka wa tisa huu namtafsiria madam wangu kwa wafanyakazi. Hata kusema 'njoo' hajui."

"Na ukiacha, atajifunza?"

Mama alifungua mdomo kujibu, simu ikaita. "Na'am, madam." Akasikiliza, na madam alipompa simu mtunza bustani mpya, Mama akamwelekeza, kwa Kiswahili cha taratibu, mti upi asiukate.

Mlinzi alikuwa amesimamisha gemu, akingoja jibu lake. Mama akashuka bado anaongea na simu.

Kama madam atajifunza Kiswahili, sijui. Mti, nadhani, umepona.