Barua ya Mpima Ardhi

Mimi ni mshauri nasaha, na kwa miaka kumi na moja nilijivunia jambo moja: chumbani kwangu hakuna mteja aliyewahi kupaza sauti. Dada wa mapokezi akipata mtu aliyefura kwa hasira, husema, "Huyu mpelekeni kwa Maji Baridi." Nami kichwa huvimba kidogo, sikatai.

Kipaji hicho sikukipata chuoni. Nilikipata nyumbani nikiwa na miaka saba. Baba alikuwa akirudi kutoka kazini jioni, na kabla hajafika mlangoni mimi nilikwishajua. Akiburuta viatu, kuna amani. Akikanyaga kwa kisigino, nilimwambia mama azime redio, nikawasukumia wadogo zangu chumbani, kisha nikaenda kumpokea mkoba huku nikichekacheka mpaka mashavu yanauma. Siku nyingine ilisaidia. Zile ambazo haikusaidia sitazieleza hapa.

Alhamisi moja alikuja mpima ardhi kwa kikao chake cha sita, cha mwisho. Mtu wa mashati yaliyopigwa pasi na maneno ya adabu. Binti yake wa miaka minane alikuwa akikaa kwa shangazi tangu siku baba huyu alipomsukuma akavunjika mkono, na ili arudi nyumbani jioni ile, ofisi ya ustawi wa jamii ilihitaji barua yangu. Nilikwisha kuiandika. "Ameonyesha utulivu katika vikao vyote," niliandika, na ilikuwa kweli tupu. Ilibaki kutia sahihi tu.

Nikamsikia kwenye korido. Kisigino.

Alikaa, akaitazama barua, akaniuliza mbona haijasainiwa. Hakufoka, alishusha sauti tu, na mimi nikajikuta namsogezea glasi ya maji, namwomba radhi, nachekacheka. Mtu mzima wa miaka arobaini na miwili, mwenye shahada ukutani!

"Mbona unanichekea?" akauliza.

"Hapana, baba, nilikuwa tu..."

"Si kwa ubaya. Mwanangu naye hunichekea hivyo hivyo. Mtoto mchangamfu sana yule."

Katika vikao sita, lini nilimwona mtu huyu akikasirika? Kila alipoanza kupanda, nilimshusha: nilibadili mada, nilimkubalia, nilimsifia. Utulivu ulioandikwa kwenye barua ulikuwa kazi yangu, si yake. Na kabla yake nimewarudisha wangapi makwao namna hiyo? Swali hilo lilinitisha kuliko yeye.

Niseme ukweli, nilitaka kusaini. Kalamu ilikwishagusa karatasi. Ningesaini, angeondoka, ningepumua, na jioni yule mtoto angekuwa nyumbani akisikiliza viatu.

"Sisaini," nikasema. Sauti ilitoka nyembamba, ya kitoto.

Alisimama kwa nguvu, kiti kikaanguka. "Umesemaje?"

"Nakuchekea kwa sababu nakuogopa, baba. Tangu siku ya kwanza nakuogopa. Na mwanao si mchangamfu."

Akapiga meza kwa kiganja. Akanitukana, akapiga kelele korido nzima ikasikia. Dada wa mapokezi alichungulia, macho yamemtoka, nikamwashiria kwa mkono asubiri. Sikucheka, wala sikumtuliza. Sikuwa nimewahi maishani kumwacha mtu akasirike mpaka mwisho nami nimekaa tu, na nilidhani nitazimia.

Kelele zilipomwishia alikiinua kiti, akakikalia, akakitazama kiganja chake kilichokuwa chekundu.

"Hivi ndivyo ninavyokuwa mbele yake?"

"Nadhani ndivyo. Mimi mwenyewe nimekuona leo."

Akaisukuma barua upande wangu.

"Basi abaki kwa shangazi yake. Niambie nirudi lini."

"Kesho, saa tatu."

Akaitikia kwa kichwa, akatoka. Nikafunga mlango kwa ufunguo, nikakaa sakafuni, nikalia kwa kuiogopa hiyo saa tatu.