Kibao cha Thady Kilcoyne

Bi Attracta Kilcoyne ana miaka sabini na sita, na hapa parokiani kwetu Drumfarna ndiye anayeulizwa nani ni wa nani. Mmarekani akishuka kwenye gari na karatasi mkononi, akiuliza babu wa babu yake alizaliwa nyumba ipi, hata padri hajisumbui. Anamwonyesha tu njia ya kwenda kwa Bi Attracta.

Macho yake yameanza kuchoka, kwa hiyo kila Jumanne asubuhi nambeba binti yangu Sorcha tunakwenda kumsomea kitabu cha ubatizo nyumbani kwa padri. Mimi niliishia shule ya msingi, na kitabu ni cha Kilatini, mwandiko kama kuku kaparura. Lakini majina ni majina. Nikikwama namtajia herufi mojamoja, naye analimalizia kabla sijafika nusu.

Heshima yake yote ilikuwa ukutani mwake. Kwa miaka thelathini kilikuwa pale kibao cha shaba: Hapa alizaliwa Thady Kilcoyne, mjenzi wa madaraja. Huyo Thady aliondoka akiwa mtoto, wakati wa ile njaa kuu ya karne ya kumi na tisa, akaenda kuwa mtu mkubwa Amerika hadi wakamchongea sanamu. Wageni walipiga picha chini ya kibao, Bi Attracta akawapa chai na mkate wa magadi. Hakuolewa, hakuzaa. Alikuwa na Thady.

Ila huku kwetu akina Kilcoyne wako wa nyumba mbili. Wapo Kilcoyne Wafumaji, ndio wa Bi Attracta, na ng'ambo ya barabara wapo Kilcoyne Weusi, walioitwa hivyo kwa ajili ya nywele zao. Wa Weusi amebaki mzee Dominick peke yake na ng'ombe wake kumi na mmoja. Hajawahi kukikubali kile kibao. Akipita na trekta anapunguza mwendo makusudi.

"Attracta! Thady wangu hajambo?"

"Thady wako yupi? Nyie mmewahi kujenga nini, zaidi ya banda la kuku lililoanguka?"

Watu hucheka. Nami nilikuwa nacheka.

Mwezi wa tano akaja mama mmoja kutoka Minnesota, Marjorie Lindqvist, kitukuu wa yule mjenzi. Alikuwa na barua aliyoandika Thady uzeeni, kaifunika kwa nailoni. Akatusomea pale mezani kwa padri. Mama yake mzazi Thady hakumtaja kwa jina, maana alifariki mapema. Alimtaja mama yake wa ubatizo, Sabina Cawley, aliyevua shali yake mwenyewe akamfunika nayo siku ya safari.

"Sabina Cawley," Bi Attracta akasema polepole. "Mwanangu, fungua mwaka arobaini na moja. Mwezi wa tatu."

Nikasoma: Thady, baba Michael Kilcoyne, mama Honor Durkan. Huyo ni wa Wafumaji, kwa kuwa Durkan ni bibi yao, kila mtu anajua. Wasimamizi wake wa ubatizo, Bartley Durkan na Mary Brehony.

Sabina hakuwemo.

"Geuza."

Sorcha alikuwa anavuta ukurasa, nikamshika mkono, nikageuza. Mwezi wa nne, chini kabisa: Thady, baba Michael Kilcoyne, mama Bridget Scanlon. Scanlon ni bibi wa Weusi. Kwetu mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba, na nyumba zote mbili zilikuwa na babu Thady. Wasimamizi nilisoma kimoyomoyo kwanza. Nilipoinua macho, Bi Attracta alikuwa ametulia kama mtu anayesubiri kudungwa sindano.

"Soma tu."

"Sabina Cawley."

Angeweza kunyamaza. Mgeni hakujua Durkan ni nani wala Scanlon ni nani, alikuwa anachezea kamera yake tu. Mimi ningenyamaza, nakiri.

"Mama Marjorie," akasema, "nyumba unayoitafuta si yangu. Ni ile ya ng'ambo. Mwaka walipotaka kuweka kibao nilikitazama kitabu hiki mwenyewe, macho yangu yakiwa bado mazima. Nilipoliona jina la kwetu nikakifunga. Sikugeuza ukurasa."

Tulipofika kwake alitoa bisibisi kwenye droo ya vijiko. Skrubu zilikuwa na kutu. Mimi nilishika kigoda, Marjorie akamshika Sorcha. Kibao kilipotoka, ukuta ulibaki na alama nyeupe ya pembe nne. Akavuka nacho barabara, kakikumbatia kifuani.

Dominick akatoka zizini.

"Nini hicho, Attracta, sinia?"

"Kibao chako."

Akakisoma kana kwamba hajawahi kukiona. Nilingoja acheke. Baada ya kudhihakiwa miaka yote ile, nani asingecheka? Alivua kofia, akamtazama Marjorie, kisha akatazama mabuti yake yaliyojaa mavi ya ng'ombe.

"Sasa huyu mama nitamkaribisha na nini? Nina kikombe kimoja, na kishikio chake kimevunjika."

"Vikombe utachukua kwangu. Na mkate. Lakini uoge kwanza."

Jumanne iliyofuata nilidhani Bi Attracta hatakuja. Nikamkuta mlangoni kwa padri ameshafika, mwavuli mkononi.

"Haya, na wa kwetu alikwenda wapi?"

Kweli, hakuna aliyewahi kumwulizia Thady wa Honor Durkan. Tulimtafuta kwenye vifo, tukamkosa. Kwenye ndoa, tukamkosa. Jumanne ya tatu nikamwona, mwaka sitini na nane, kwenye ubatizo wa mtoto wa jirani: msimamizi, Thady Kilcoyne. Sabini, yumo tena. Hadi mwaka themanini na tano tulishahesabu watoto kumi na wanne, wote wa watu wengine.

"Huyu hakwenda popote!" Bi Attracta alicheka hadi miwani ikamshuka puani. "Alikaa hapahapa, bila mke, akiwashikia watu watoto wao."

Kisha akanyoosha mikono.

"Hebu lete wako huyo. Wewe endelea kusoma."